Kauli ikifuatiwa na "jadili", mtahini anataka nini hasa?

Mtahiniwa

Wakuu, naomba msaada kwenye maswali ya insha ya historia. Yale ya "taja" na "eleza" hayasumbui. Kazi ipo kwenye haya yanayokuja na kauli, kwa mfano:

"Mauaji ya Sarajevo yalikuwa kisingizio tu cha Vita vya Kwanza vya Dunia. Jadili."

Sababu za vita zinajulikana: miungano ya kijeshi, mashindano ya silaha, ubeberu, utaifa. Mtu akizipanga vizuri, kila moja na aya yake, mtahini anaandika pembeni "hujajibu swali" na alama zinaishia nusu. Sasa swali lilikuwa lipi kama si hilo? Na je, inaruhusiwa kuipinga kauli yenyewe?

Kalamu Nyekundu

Swali hilo halijaomba sababu za vita. Limeleta dai, nawe unatakiwa kuamua kama linasimama au halisimami. Insha ya sababu nne inaweza kuwa sahihi mwanzo hadi mwisho na bado isiliguse dai hata mara moja.

Kabla ya kuandika chochote, pigia mstari mambo manne: neno la amri (hapa ni "jadili"), mada (chanzo cha vita), mipaka ya wakati na mahali, halafu maneno yanayobishaniwa. Hayo ya nne ndiyo wengi wanayaruka, na alama nyingi zimelala hapo. Kwenye swali lako ni "kisingizio tu". Ondoa "tu" uone: karibu hakuna wa kubisha kwamba Austria-Hungaria iliyatumia mauaji yale kuishambulia Serbia. Rudisha "tu", dai linakuwa kali: kwamba mauaji hayakuwa na uzito wowote, vita vilikuwa vinakuja hata bila hayo. Hapo ndipo pa kubishania.

Sasa tarehe ulizokariri zinapata kazi. Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria-Hungaria, aliuawa Sarajevo Juni 28, 1914. Julai 5 Ujerumani ikaihakikishia Austria-Hungaria kwamba ipo nyuma yake. Serbia ikapelekewa masharti Julai 23 na kupewa saa 48 kuyajibu, kisha vita vikatangazwa Julai 28. Toka risasi hadi tangazo ni mwezi mzima. Mwezi huo unawapa nguvu wanaosema kisingizio: viongozi walikaa, wakapima, wakaamua.

Upande wa pili una hoja nzito pia. Mgogoro wa Bosnia wa 1908, wa Moroko wa 1911, vita vya Balkani vya 1912 na 1913, vyote vilipita bila mataifa makubwa kupigana yenyewe kwa yenyewe, na miungano ilikuwepo, manowari zilikuwepo. Basi miungano peke yake haitoshi kueleza kwa nini 1914 na si 1911. Ukiziweka hoja hizo mbili uso kwa uso, umejadili.

Huna haja ya kutupa sababu zako nne. Kinachobadilika ni sentensi ya mwisho ya kila aya. Usimalize na "hivyo miungano ilisababisha vita". Andika: "Miungano inaeleza kwa nini ugomvi wa Vienna na Belgrade uliifikia Paris na London ndani ya wiki moja, lakini haielezi kwa nini uliwaka." Ya kwanza inarudia daftari, ya pili inajibu swali.

Kupinga kauli ni ruksa. Mtahini hatoi alama kwa upande uliochagua, anatoa kwa ushahidi ulioutumia kufika huko. Ila "si kweli kabisa" na "ni kweli kabisa" zote zinakubana, maana lazima uupuuze ushahidi wa upande mwingine. Afadhali useme dai linasimama wapi na linavunjikia wapi.

Mpenda Tarehe

Nakazia mipaka, maana mkuu hapo juu ameipitia haraka. Chukua swali hili:

"Kwa kiasi gani mdororo wa uchumi ulioanza 1929 ulimwezesha Hitler kuingia madarakani Januari 1933?"

Aliyekariri mada ya Hitler anamimina kila kitu: kuungua kwa bunge Februari 27, 1933, sheria ya Machi 23 iliyompa mamlaka ya kutunga sheria bila bunge, mauaji ya wapinzani wake Juni 1934. Yote ni kweli, na yote yapo nje ya swali, kwa sababu swali limefunga mlango Januari 30 alipoapishwa kuwa kansela. Kurasa mbili zimekwenda bure, na muda nao umekwenda.

Kisha "kwa kiasi gani". Hapo unaombwa kipimo. Kupanga sababu za mdororo upande mmoja na sababu nyingine upande wa pili, halafu kufunga kwa "kwa hiyo zote zilichangia", si kipimo. Anza na kura: chama chake kilipata asilimia 2.6 Mei 1928, 18.3 Septemba 1930, 37.3 Julai 1932. Ongezeko hilo limekwenda sambamba na ukosefu wa ajira, kwa hiyo mdororo una uzito mkubwa. Lakini Novemba 1932 kura zilishuka hadi 33.1, na karibu miezi mitatu baadaye akapewa ukansela. Kura zinashuka, cheo kinapatikana? Hapo ndipo unapoingiza von Papen, kansela wa zamani, na mazungumzo yake na Rais Hindenburg, na wanasiasa wa kihafidhina walioamini wangemdhibiti. Jibu sasa lina kipimo: mdororo ulimpa kura zilizomfanya asiepukike kirahisi, lakini waliomkabidhi kiti ni watu wachache.

Takwimu moja inayokwenda kinyume na mkondo, kama hiyo ya Novemba, ina thamani kuliko kumi zinazosema kitu kilekile.

Bi Faharasa

Nakubaliana nanyi, ila kanuni ya mambo manne inapwaya kwenye "linganisha na tofautisha". Pale mara nyingi hakuna dai la kubishania. Kinachokosekana ni vigezo, na lazima uvitunge mwenyewe.

Kwa mfano, mapinduzi ya Ufaransa ya 1789 na ya Urusi ya Februari 1917. Kosa la kawaida ni kuandika Ufaransa kurasa mbili, Urusi kurasa mbili, halafu "hivyo yanafanana na kutofautiana". Hizo ni insha mbili. Chagua vigezo vitatu na kila aya iwe na nchi zote mbili ndani yake. Chakula: wanawake wa Paris waliandamana hadi Versailles, alikokaa mfalme, Oktoba 5, 1789 wakidai mkate, na wanawake wa Petrograd, mji mkuu wa Urusi wakati huo, waliingia barabarani Machi 8, 1917 (Februari 23 kwa kalenda ya Urusi ya wakati huo) wakidai mkate vilevile. Jeshi: askari wa Gardes françaises (kikosi cha walinzi wa mfalme) walijiunga na umati ulioshambulia ngome ya Bastille, na kikosi cha Petrograd kiliasi. Fedha za dola ndipo zinapotengana. Ufaransa ilielemewa na madeni wakati haipo vitani, Urusi ilikuwa katikati ya vita.

Kuhusu muda: insha ya dakika 45, toa tano hadi saba za kupanga. Andika jibu lako kwa sentensi moja kabla ya kitu kingine chochote. Ikikataa kuandikika, hujalielewa swali bado, na ni afadhali kugundua hilo dakika ya nne kuliko ya thelathini. Utangulizi usizidi sentensi tatu au nne, na sentensi hiyo iwemo. Habari za "historia ni somo linalohusu mambo yaliyopita" hazina alama popote.

Mtahiniwa

Asanteni sana wakuu. Moja la mwisho: "Eleza kwa nini Shirikisho la Mataifa lilishindwa kuzuia uvamizi wa Ethiopia mwaka 1935." Hapo napaswa kujadili kama kweli lilishindwa?

Kalamu Nyekundu

Hapana. "Eleza kwa nini" imeshakubali kwamba lilishindwa, ukianza kubishana unapoteza muda. Hapo toa sababu, na kila sababu ioneshe ilivyofanya kazi. Ukiandika "vikwazo vilikuwa dhaifu" umetaja tu. Ukiandika kwamba vikwazo havikugusa mafuta ambayo majeshi ya Italia yaliyategemea, kwamba Marekani haikuwa mwanachama hivyo ingeweza kuendelea kuuza, na kwamba Mfereji wa Suez uliachwa wazi meli za Italia zikapita na askari, umeeleza. Kisha ongeza kwa nini Uingereza na Ufaransa hazikutaka kubana zaidi: zilikuwa bado zinaihitaji Italia dhidi ya Ujerumani. Sababu tatu za namna hiyo zinatosha, hata kama daftari lako lina nane.