Kiwanja cha watano kwa watano Dodoma: msingi, taa na bei ya saa

Mwanzisha mada
Wakuu, habari za jioni. Kuna eneo la mita 30 kwa 50 njia ya kwenda Mtumba, udongo wake ni mbuga nyeusi. Mpango ni kiwanja kimoja cha mpira wa miguu cha nyasi bandia, cha kukodisha kwa saa. Naomba msaada: nyasi za urefu gani, taa ngapi, na bei inapangwaje? Muuzaji anasema kapeti litatandikwa juu ya zege jembamba na wiki moja kazi imekwisha.

Mchangiaji 1
Mkuu, kapeti baadaye, kwanza ardhi. Mbuga huvimba ikilowa na hupasuka ikikauka. Dodoma mvua ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, kisha kiangazi kirefu, kwa hiyo udongo huo hautulii. Zege jembamba litakatika, na kila ufa utachomoza kwenye kapeti.

Chimba sm 40 hadi 50, mbuga yote itoke. Jaza moramu kwa tabaka za sm 15, kila tabaka limwagiwe maji na kushindiliwa kwa rola kabla ya linalofuata. Ukimwaga zote kwa mkupuo, rola hushindilia juu tu na chini hubaki laini. Kisha kokoto sm 15 na vumbi la kokoto sm 3 la kusawazishia. Kiwanja cha 40 kwa 20, ukiongeza mita 2 kila upande, ni mita za mraba 1,056. Kokoto zilizoshindiliwa ni kama mita za ujazo 158, kwa hiyo agiza 200. Katikati pawe juu ya kingo kwa sm 12, na mtaro uzunguke pande zote.

Nyasi za mm 50 zinatosha. Kati ya majani yake, kila mita ya mraba imwagiwe kilo 15 za mchanga wa silika (karibu tani 16 kwa kiwanja chote), juu yake kilo 8 za punje za mpira. Mchanga wa korongoni usiooshwa usiutumie kabisa: una vumbi laini, ukilowa na kukauka unaganda kama tofali. Roli zote za kapeti, majani yake yalale upande mmoja, la sivyo kiwanja kitaonekana kina rangi mbili.

Mchangiaji 2
Taa: nguzo 4 za mita 8 hadi 10 kwenye pande ndefu, kila moja taa 3 za LED za wati 200. Jumla wati 2,400. Kuwasha saa 12:30 jioni hadi saa 4 usiku ni uniti 8.4 za LUKU. Usiweke nguzo nyuma ya goli, zinampofusha kipa. Na usitegemee mchana: jua likiwa kali nyasi bandia hupita nyuzi joto 60, na kuzimwagia maji hupoza kwa muda mfupi tu.

Mchangiaji 3
Ndiyo maana bei ianzie jioni. Saa 11 hadi saa 4 usiku ni saa 5, kwa wiki 35. Piga hesabu ya saa 20 tu zilizolipiwa, yaani 80 kwa mwezi. Mfano, pango, mlinzi, umeme na akiba ya kapeti jipya vikifika shilingi 2,400,000, chini ya 30,000 kwa saa unakula mtaji. Hiyo ni 3,000 kwa kila mchezaji wa timu mbili za watano. Akiba ya kapeti ndiyo wengi huisahau. Nusu ya malipo ilipwe kwa simu wakati wa kuweka nafasi. Bila hiyo saa 2 usiku kiwanja kiko kitupu na taa zinawaka. Wanafunzi wapewe bei ya asubuhi.

Mwanzisha mada
Asanteni sana wakuu. Na vumbi la upepo wa kiangazi?

Mchangiaji 1
Linashuka kati ya punje na kuzigandisha, mpira unadunda kama kwenye lami na magoti yanaumia. Piga brashi ngumu kila wiki, kwa kupishanisha mwelekeo, na kiangazi mara mbili. Golini na penye alama ya penalti ongeza punje kila mwezi, hapo ndipo huhama kwanza. Viatu vya njumu za chuma vizuiwe getini. Na magoli, hata yale ya kuhamishika, yafungwe chini kwa nanga. Mtoto akining'inia kwenye mwamba, goli lisilofungwa humwangukia.