Hivi kila kiungo kinachouma ni gauti? Dada yangu analiwa vidole huku tunapewa diklofenaki

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Dada yangu ni msusi hapa Morogoro. Mwaka juzi vidole vilianza kumuuma na kuvimba, mikono yote miwili kwa pamoja, baadaye nyayo. Akiamka hawezi kukunja ngumi mpaka jua liwe juu. Msusi asiyeweza kukunja vidole, hebu fikirieni.

Zahanati ikasema UTI na taifodi. Sawa, nchi hii nani hana UTI na taifodi. Tukaenda kwingine: gauti, acha nyama nyekundu, acha maharage. Asidi ya yuriki haikupimwa! Ilipokuja kupimwa ikawa ya kawaida, na bado akaambiwa aendelee na dawa za gauti. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu! Gauti kwa kawaida hukuvamia ghafla, mara nyingi kidole gumba cha mguu, na wanawake wengi wanaoipata ni waliokwisha koma hedhi. Mimi si daktari, hayo nimeyasoma kwenye simu. Wao walisoma nini?

Kote huko hakuna aliyembonyeza vidole. Hakuna aliyemuuliza akiamka anakaa muda gani ndipo viungo vilegee. Sindano ya diklofenaki, vidonge, mgonjwa anayefuata! Hospitali moja walipima RF, kipimo cha damu cha baridi yabisi, ikatoka hasi, daktari akafunga faili: "Huna baridi yabisi." Jamani, kati ya wagonjwa 100 wa ugonjwa huu, 20 hadi 30 kipimo hicho hakiwaoni. Kipo kingine, anti-CCP, hakikutajwa hata kwa bahati mbaya.

Duka la dawa nao wakampa prednisolone bila cheti. Maumivu yakakata, akarudi kununua tena na tena, mpaka uso ukajaa kama andazi na presha ikapanda. Ugonjwa wenyewe ulikuwa unaendelea chini kwa chini. Halafu kuna yule wa unga wa miti shamba unaotuliza siku hiyo hiyo. Mti gani huo? Nina wasiwasi sana na kinachosagwa humo.

Bingwa tulimpata Dar. Alibonyeza kiungo kimoja kimoja, akauliza habari za asubuhi, akaagiza eksirei ya mikono. Mifupa imeshaanza kuliwa. Akatueleza kwamba ni baridi yabisi, kwamba kinga ya mwili ndiyo inayoshambulia viungo, na kwamba ukianza dawa miezi ile ya mwanzo unaviokoa vingi, ila kilichokwisha liwa hakirudi. Akamwandikia methotrexate vidonge vinne mara moja kwa WIKI, na foliki asidi, na kupima damu na ini kila baada ya muda.

Mkadhani yameisha? Duka moja muuzaji akapaza sauti mbele ya foleni: "Hii dawa ya kansa, nani anaumwa kansa?" Ndiyo, inatumika kwenye kansa kwa dozi kubwa, ila kwa viungo ni dozi ndogo na imetumika miaka mingi duniani. Dada akatoka bila kununua.

Duka la pili walimpa, bahasha ikaandikwa 4x1. Yaani vinne kila SIKU! Dawa hii ukiimeza kila siku inaua: mdomo unajaa vidonda, uboho unaacha kutengeneza damu. Kama nisingesoma ile bahasha, leo ningekuwa naandika tangazo la msiba. Nikairudisha, kijana akaniambia "si umeshajua, basi mwambie ameze kwa wiki."

Bahasha ninayo. Nataka kujua lalamiko kama hili linakwenda Baraza la Famasi moja kwa moja au ni lazima nianzie kwa mfamasia wa wilaya? Aliyewahi kulifuatilia aseme, pia kama kuna mtu anajua duka Moro ambalo methotrexate haikatiki.

Wa tangawizi na mafuta ya nyonyo, tafadhali piteni tu.