Wenye hofu ya kupanda ndege (na mliopona), tupeane uzoefu

Mwanzisha uzi

Habari zenu wakuu. Naomba tuzungumzie jambo ambalo watu wazima tunaona aibu kulisema: kuogopa ndege. Sizungumzii wasiwasi wa mtu anayepanda mara ya kwanza, ambao ndege ikishakaa sawa angani unaisha. Nazungumzia hofu ya kukosa usingizi siku kadhaa kabla ya safari. Unafuatilia hali ya hewa ya huko uendako utadhani wewe ndiye rubani, na ukisikia safari imeahirishwa unamshukuru Mungu kimoyomoyo huku usoni umekunja ndita uonekane umekereka.

Nina safari ya kikazi mwezi ujao, saa nyingi angani, na haikwepeki. Takwimu msinipe, ninazo. Arnold Barnett wa chuo cha MIT na mwenzake walipiga hesabu wakakuta kati ya 2018 na 2022 hatari ya kufa ilikuwa kifo kimoja kwa kila abiria milioni 13.7 wanaopanda ndege duniani. Nimeisoma, nimeielewa, na ndege ikianza kutikisika najiona ndiye huyo mmoja. Nataka kusikia kwa wenye hofu yenyewe: nini hasa kiliwasaidia?

Kiti cha Njiani

Mkuu, kabla ya dawa tuambie ugonjwa. Unaogopa nini hasa? Maana "hofu ya ndege" ni jina moja la vitu vingi. Yupo anayeogopa kuanguka. Yupo anayeogopa kimo. Yupo ambaye shida yake ni kuwa mikononi mwa mtu asiyemwona, huyo mpe usukani hata wa lori bovu atatulia. Na kuna sisi ambao shida yetu ni mlango.

Mimi ndege ikitikisika sina neno. Kinachonimaliza ni pale chini, watu wamekaa, mhudumu anauvuta mlango, ule mkono wa chuma unashuka, na nafsi inaniambia: hutoki humu mpaka wao watake. Hapo jasho jembamba, viganja vya baridi, kifua kinabana, na naanza kuhisi hewa imekuwa kidogo. Lifti pia nilikuwa sipandi, ila hofu ya lifti na ya ndege nilikuwa sijaziunganisha hizo mbili.

Kilichonisaidia kwanza ni mhudumu mmoja mama mtu mzima. Nilimnong'oneza mlangoni wakati naingia kwamba nina hofu. Hakucheka. Alikuja baadaye akachuchumaa pembeni ya kiti changu, akanyoosha mkono akazungusha kile kitundu cha hewa juu ya kichwa mpaka mwisho, upepo wa baridi ukanipiga usoni, akasema, "Mwanangu, hii haizimwi. Ukiona kifua kinabana, inua uso huku." Basi. Baadaye nikaja kusoma kwamba hewa ya ndani ya ndege kubwa hubadilishwa yote kila baada ya dakika mbili tatu hivi, nusu yake ikiingizwa kutoka nje na nusu ikipita kwenye vichujio vya HEPA, vya aina inayotumika hata hospitalini. Kwa mtu wa hofu ya mlango, habari hiyo ina thamani kuliko hesabu zote za vifo.

Siku hizi nachukua kiti cha njiani, karibu na mbele, naingia miongoni mwa wa mwisho ili nisikae ndani muda mrefu kabla ya kuondoka, na mhudumu lazima nimwambie. Wakishajua, wanakupitia.

Mwanzisha uzi

Aisee. Mimi basi wa kwangu ni mitikisiko na sauti. Sauti yoyote nisiyoijua nageuka kuangalia nyuso za wahudumu.

Fundi Bawa

Hapo umenigusa, nafanya kazi ya matengenezo ya ndege. Nikueleze safari nzima kwa masikio, ili siku hiyo uwe unaihesabu.

Mkiwa bado mmesimama, utasikia milio ya kuzunguka ndani ya mabawa. Hizo ni flapu, vile vipande vya nyuma ya bawa, vinasukumwa nje ili bawa liwe pana na ndege iweze kupaa kwa mwendo mdogo. Wakati wa kukimbia utasikia dap, dap, dap chini ya miguu: magurudumu yanapita juu ya taa zilizopachikwa katikati ya njia ya kurukia. Mkishanyanyuka tu, kishindo kikubwa, halafu kama kitu kinaburuzwa, halafu kishindo kingine. Magurudumu yanaingia na milango yake inafungwa.

Sasa inakuja ile inayowaua wengi. Mkifika kama mita 300 hadi 450 kutoka ardhini, injini zinapungua mlio ghafla na pua inashuka kidogo. Abiria anahisi zimezimika na tunaanguka. Hamuanguki. Nguvu ya kupaa ilikuwa kubwa, sasa marubani wanaishusha hadi nguvu ya kupanda taratibu, ndivyo ilivyoandikwa kwenye utaratibu wao. Sikio la ndani ndilo linalokudanganya: limezoea kusukumwa mgongoni kwa nguvu, msukumo ukipungua linatafsiri kwamba unarudi chini. Angalia dirishani, utaona ardhi bado inazidi kuwa mbali.

Baada ya hapo kuna "ting". Ting nyingi ni wahudumu wanaitana kwa simu ya ndani, mara nyingi kwa habari za chai.

Kushuka kuna mtetemo fulani wa kukera, mabawa yakiwa yamefungua vibao vya juu. Ni breki za hewani. Magurudumu yakitolewa, kunakuwa na mngurumo wa upepo mpaka chini. Mkigusa ardhi, injini zinavuma kuliko wakati wa kupaa, maana zinasukuma hewa upande wa mbele kusaidia kusimama.

Na hilo bawa unaloliona linapinda, lingekuwa halipindi ndiyo ungeogopa. Mwaka 1995 Boeing walichukua bawa la 777 wakalivuta kwa mitambo makusudi livunjike. Lilipinda zaidi ya mita 7 kwenda juu, na lilivunjika lilipofika asilimia 154 ya mzigo mkubwa kabisa linaotarajiwa kubeba katika maisha yake yote. Sheria inataka 150. Mtikisiko wako wa kumwaga juisi hauko hata jirani na hapo.

Anayetilia shaka

Fundi, maelezo mazuri, ila injini zikizimika zote?

Fundi Bawa

Injini moja ikizimika, ndege inaendelea na ile nyingine, na marubani wanalifanyia mazoezi hilo kwenye mitambo ya kuigiza mara kwa mara. Zikizimika zote, ndege haidondoki, inateleza. Agosti 2001 ndege ya Airbus A330 iliishiwa mafuta juu ya Bahari ya Atlantiki baada ya kuvuja. Watu 306 ndani, injini zote mbili kimya. Iliteleza takriban dakika 19 mpaka kisiwa cha Terceira katika visiwa vya Azores, ikatua, wote wakatoka hai. Siyo safari niliyotamani kuwemo. Lakini umeuliza.

Mama wa Wawili

Mimi fizikia haikunisaidia, samahani kaka fundi. Mtu akiwa ameshapaniki, ukimweleza habari za bawa ni kumpigia mbuzi gitaa. Mwili wangu haukuwa unasikiliza.

Nilikwenda kwa mtaalamu wa saikolojia baada ya kukataa safari ya harusi ya mdogo wangu wa damu, nikasingizia kuumwa. Huyu mama alinifundisha vitu viwili. Kwanza, ile hali ya moyo kwenda mbio ni homoni ya adrenalini, inapanda, inafika kileleni ndani ya dakika chache, halafu inashuka yenyewe, maana mwili hauwezi kukaa kileleni. Kinachoiongezea maisha ni mimi kupigana nayo: kushika viti, kukaza tumbo, kuzuia pumzi. Kwa hiyo akanizuia kushika viti! Mikono iwe wazi juu ya mapaja, miguu ilegee, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia. Unavuta kwa kuhesabu hadi nne, unatoa kwa kuhesabu hadi sita au saba.

La pili ni kuisogelea hofu kwa hatua. Tulianza na picha za ndani ya ndege. Kisha video za mitikisiko, mpaka zikanichosha. Kisha kwenda uwanja wa ndege kukaa tu, kuangalia zinavyoondoka na kurudi. Kisha safari fupi kabisa. Ninaishusha hatua ikiwa ngumu, lakini sirudi mwanzo. Na kila mara naandika kwenye kijitabu kabla ya safari kile ninachoamini kitatokea, nikifika naandika kilichotokea. Kurasa za kushoto zimejaa maafa matupu. Za kulia: "nilikula, nikalala kidogo, tukatua."

Kuna mchezo mmoja nautumia mtikisiko ukikolea: naandika majina yangu matatu kwa mkono wa kushoto, polepole, herufi zikae kwenye mstari. Akili haiwezi kufanya hilo na kupanga mazishi kwa wakati mmoja. Wanangu wao wakitikiswa wanacheka kama wako kwenye bembea, nikiwaona najisikia mjinga, lakini mjinga aliyefika.

Bado naogopa. Tofauti ni kwamba sasa naogopa nikiwa nimekaa kwenye kiti changu, siyo nyumbani.

Mzee wa Soka

Msijione wadogo. Dennis Bergkamp, yule fundi wa Arsenal, alikataa ndege kabisa. Mkataba wake ulikuwa na kipengele cha kutopanda. Mechi za Ulaya alikwenda kwa gari au treni, nyingine hakwenda kabisa, na timu ya taifa ya Uholanzi aliacha mwaka 2000, huku Kombe la Dunia lililofuata likiwa Japani na Korea Kusini. Na Muhammad Ali, alipotakiwa kwenda Olimpiki ya Roma 1960, aligoma kwa sababu ya ndege. Inasimuliwa kwamba alipanda akiwa amevaa parachuti aliyojinunulia. Akarudi na dhahabu. Sasa chagua wewe ni yupi, ingawa Bergkamp naye hakuharibikiwa!

Mpenda Mvinyo

Mnazunguka sana. Glasi mbili, kidonge cha usingizi, unaamkia unakokwenda.

Nesi Mstaafu

Mdogo wangu, hapana, na hapa sitanii. Pombe na dawa za kutuliza kwa pamoja zinaweza kupunguza upumuaji, na huko juu hewa ya ndani ya ndege ni sawa na kukaa mlimani kwenye mita 1,800 hadi 2,400, oksijeni tayari iko pungufu kidogo. Mtu mwenye hofu ya kweli aende kwa daktari, aseme ukweli, apewe ushauri wake yeye. Asiazime kidonge cha jirani.

Halafu vidonge vina tabia nyingine. Wilhelm na Roth walichapisha utafiti mwaka 1997 kwa wanawake wenye hofu ya ndege. Waliopewa alprazolamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, kwenye safari ya kwanza walisema wametulia zaidi. Wiki iliyofuata walipanda bila dawa, na hofu yao ikapita ile ya wenzao waliokuwa wamepewa kidonge kisicho na kitu ndani. Wale wa kidonge kitupu walikuwa wameshajifunza kwamba hofu hupita. Wa dawa hawakuwahi kuiona ikipita.

Nyongeza kuhusu mitikisiko, maana naona watu wanaambiwa haina shida. Kwa ndege haina shida. Kwa asiyefunga mkanda ina shida. Mei 2024 ndege ya Singapore iliyokuwa inatoka London ilipata mtikisiko mkali wa ghafla, abiria mmoja akafariki na wengi wakaumia, na ndege yenyewe ikatua salama Bangkok. Fungeni mikanda hata taa ikiwa imezimwa, msiilegeze mpaka ikawa mapambo.

Mwanzisha uzi

Shikamoo Nesi, nimekupata. Mama wa Wawili, ile ya mkono wa kushoto nimeijaribu sasa hivi hapa mezani, ni ngumu kweli. Fundi, la mwisho: nachagua safari ya saa ngapi na kiti kipi, na kuna sauti yoyote uliyoisahau?

Fundi Bawa

Asubuhi mapema kama ipo. Jua likishapasha ardhi moto, hewa inapanda na kushuka ovyo, na mawingu ya radi hukua zaidi mchana kuelekea jioni. Kiti, kaa usawa wa mabawa, ndiko kunakotikisika kidogo zaidi. Mkiani ndiko kunakorushwa. Ila juu ya bawa hutaona ardhi vizuri, na wewe ni mtu wa kuchungulia, kwa hiyo jipange.

Sauti niliyoisahau: ukipewa Airbus A320 au ndugu zake, kuna wakati mkiwa chini utasikia kama mbwa anabweka chini ya sakafu, anakatisha, anaanza tena. Ni pampu inayohamisha nguvu kati ya mifumo miwili ya haidroliki, ile inayosukuma mitambo kwa shinikizo la mafuta. Usigeuke kuangalia nyuso za wahudumu, hata wao hawaisikii tena.