Msaada: programu ya kuanika korosho inagoma unyevu ukifika 10

Mwana_Newala:
Habari za jioni wakuu. Msimu uliopita magunia mawili ya korosho za mama yalikataliwa ghalani kwa unyevu. Yeye hupima kwa kutikisa: korosho ikilia ndani ya ganda, imekauka. Mimi nimepata kipimo cha unyevu, nikaanza kuandika programu ya Python kwa maktaba ya scikit-fuzzy, inayofuata kanuni za maneno kama "ikiwa mbichi, anika siku nyingi" na kukubali kitu kiwe kavu kwa kiasi, kati ya 0 na 1. Naingiza asilimia ya unyevu na hali ya anga, inamshauri aanike siku ngapi zaidi.

Unyevu nimeugawa kwa pembetatu, kila moja na inapoanzia, kilele na inapoishia: kavu [5, 5, 10], wastani [10, 12, 14], mbichi [14, 20, 20]. Nikiweka 9 inajibu. Nikiweka 10 kamili, au 14, inasimama na hitilafu ya ValueError. Tena korosho ya 5, kavu kabisa, inaambiwa siku 0.67. Nimekesha usiku wa pili na mvua zinakaribia. Naombeni msaada.

Fundi_Masasi:
Pole mkuu. Tazama mipaka yako. Kwenye 10, kavu imeshashuka hadi 0, na wastani ndiyo kwanza inatoka 0. Hakuna kanuni hata moja inayopata uzito, kwa hiyo programu haina umbo la kutafutia jibu. Pembetatu lazima zipandiane. Jaribu kavu [5, 5, 11], wastani [9, 12, 15], mbichi [13, 20, 20]. Hapo 10 inakuwa kavu kwa 0.17 na wastani kwa 0.33. Mama yako analijua hilo kwa mkono: kuna korosho ambayo haiko kimya tena na bado hailii sawasawa.

Masharti ya kanuni unaunganisha kwa & au kwa and? Ile and ya Python inabeba sharti la mwisho tu, na haitoi hitilafu yoyote.

Mwana_Newala:
Natumia &. Nimebadilisha mipaka, 10 na 14 zote zinajibu! Ubarikiwe sana kaka. Imebaki hiyo 0.67.

Binti_Lindi:
Bila shaka kwenye jibu, pembetatu ya siku chache umeiweka [0, 0, 2]. Maktaba inachukua kitovu cha umbo zima, yaani pale uzito wake unapolingana pande zote, na kitovu cha pembetatu hiyo ni 0.67, hakiwezi kugusa 0. Anzisha mhimili wa siku kwenye -2, chache iwe [-2, 0, 2]. Kitovu kitatua 0.

Njia hii inaitwa ya Mamdani. Ebrahim Mamdani alizaliwa hapa hapa Tanzania mwaka 1942, na mwaka 1975 yeye na Assilian walichapisha namna walivyoongoza injini ya mvuke kwa kanuni za maneno kama hizi zako. Mimi hilo hunipa moyo kila nikikwama.

Mzee_wa_Turubai:
Mwanangu, kipimo chako chomeka kwenye korosho za katikati ya rundo, si za juu. Za juu zimepigwa jua, zitakudanganya, na programu itadanganyika nazo.

Mwana_Newala:
Shikamoo mzee, nilikuwa napima za juu. Kesho asubuhi tukitandika turubai nitapima upya na mama akitikisa, nilete namba zote mbili hapa.