Mjadala: Je, abiria aruhusiwe kusikiliza redio ya mkononi ndegeni?

Mkaazi_wa_Ziwani: Wiki iliyopita, katika safari ya Mwanza kwenda Dar es Salaam, mzee aliyeketi mbele yangu, ambaye kwa kumtazama tu ungejua ametoka shambani, alitoa redio ndogo ya betri mbili, akavuta antena mpaka ikagusa kioo cha dirisha, akaanza kuutafuta mpira. Mhudumu alimwamuru aizime, ilhali kijana wa pembeni alikuwa akisikiliza muziki kwenye simu bila kuulizwa. Redio inapokea tu, haitoi kitu. Kwa nini basi ikatazwe?

Binti_Mkulima: Kabla hatujafika kwenye redio, naomba nielezwe ni kwa dalili gani mtu hutambulika kwamba ametoka shambani. Baba yangu analima, na ndege amezipanda kuliko wengi wetu humu.

Fundi_Bendi: Hoja ya kwamba redio inapokea tu ndiyo yenye kasoro. Redio za FM za mtindo wa zamani, ili ziinase stesheni, huzalisha ndani yake mawimbi ambayo kwa kawaida huwa juu ya masafa ya stesheni hiyo kwa megahezi 10.7, na sehemu yake huvuja nje. Ukisikiliza 98.6, ndani panazalishwa 109.3, na bendi ya kuanzia 108 hadi karibu 118 ni ya vifaa vya kumwongoza rubani, ukiwemo mfumo unaomweka sawa na njia ya kutua. Muziki wa kijana, ikiwa ulihifadhiwa kwenye simu, haukuhitaji kunasa chochote angani.

Abiria_Sugu: Ndugu Fundi, usitutishe kwa hesabu. Hofu hizi zimeletwa na simu za mkononi, na redio imeingizwa humo kwa kuonewa.

Fundi_Bendi: Sitishi mtu. Marekani ilikataza redio za FM za mkononi ndegeni mwaka 1961, wakati simu unazozisema hazijakuwepo. Kanuni yao ya sasa inataja kwa majina vitu vinavyoruhusiwa moja kwa moja: vinasa sauti, vifaa vya kusaidia kusikia, vya kurekebisha mapigo ya moyo, na mashine za kunyolea za umeme. Vingine, shirika la ndege lijiridhishe kwanza kwamba havitaingilia mitambo.

Abiria_Sugu: Yaani ndevu zimekumbukwa, mpira ukasahaulika!

Binti_Mkulima: Walioitunga kanuni bila shaka walikuwa na ndevu. Hakuna aliyekumbuka mashine ya kukaushia nywele.

Fundi_Bendi: Dada, mashine hiyo ungeichomeka wapi? Turudi kwenye hoja. Mwaka 2013 Marekani ilifungua mlango kwa vifaa vingi kutumika hata wakati wa kupaa na kutua, mradi shirika lithibitishe kwamba ndege zake zinavistahimili. Kwa hiyo anayepaswa kuulizwa ni shirika, wala si mhudumu anayetekeleza alichoagizwa.

Mkaazi_wa_Ziwani: Nimeelewa, ingawa mhudumu angeweza kumwambia mzee hivyo badala ya kumkaripia. Hata mpira wenyewe hakuupata, kwani tulipokuwa juu stesheni mbili zilisukumana mahali pamoja, mahubiri yakameza matangazo kila aliposogeza kitufe.

Fundi_Bendi: Ni kawaida. Ukiwa juu hivyo unaziona stesheni za mikoa kadhaa kwa pamoja, na zile zinazotumia masafa yaleyale hugombania redio yako.

Binti_Mkulima: Dalili za shambani bado sijatajiwa.