Nguva, manatii na ng'ombe bahari wa Steller: nawatenganishaje kwenye bango?

MwlBaiolojia_Mikindani:
Wakuu salaam. Naandaa bango la kidato cha tatu kuhusu nguva wetu na jamaa zake wa Amerika. Maandishi ya kale yananichanganya. Columbus mwaka 1493 aliona manatii Karibi, akaandika kaona nguva wale wa hadithi, nusu mtu nusu samaki. Steller, mwanasayansi wa karne ya 18, naye anamwita "manatii" mnyama ambaye leo anaitwa ng'ombe bahari wa Steller. Nichore nini hasa ili mwanafunzi asiwachanganye?

Pingili7:
Mwalimu, anza na mkia. Nguva wa Kilwa na Mafia ana mkia uliogawanyika kama wa pomboo. Manatii mkia wake ni duara, kama kafi pana. Ng'ombe bahari wa Steller alikuwa na mkia wa nguva, kwa hiyo jina la manatii lisikupotoshe. Halafu shingo: nguva ana pingili (mifupa ya shingo) saba kama twiga na kama sisi, manatii ana sita tu. Pua ya nguva imepinda chini sana kwa sababu analisha majani ya bahari sakafuni. Mchoraji akiinyoosha, keshachora manatii.

Kucha usizitegemee. Manatii wa Karibi anazo kwenye mapezi, wa Amazon hana.

MwaniMkavu:
Naongezea kwa Steller, maana maelezo yake ndiyo hazina. Meli ya mpelelezi Bering, aliyosafiri nayo Steller, ilikwama Novemba 1741 ikitoka Alaska, kwenye kisiwa kinachoitwa leo Kisiwa cha Bering. Mwaka 1742 Steller akampima ng'ombe bahari jike mmoja: karibu mita 7.5. Alimpasua ufukweni huku mbweha wa theluji wakimnyang'anya vitu mikononi. Hakukuta meno hata moja, ila mabamba mawili magumu ya kusagia, moja kaakaani na moja taya la chini. Mapezi ya mbele hayakuwa na mifupa ya vidole. Ngozi nyeusi yenye makunyanzi kama gome la mti mzee. Mnyama huyo alikula mwani karibu na uso wa maji, na hakuweza kuzama mwili mzima, ndiyo maana aliuawa kirahisi.

Kufikia 1768 alikwisha: miaka 27 tu tangu meli ile ikwame. Wawindaji wa manyoya waliokwenda visiwa vya Aleuti walipitia hapo kujaza nyama, na ng'ombe bahari wengi waliochomwa chusa walijeruhiwa, wakatorokea baharini na kufia huko bila kuliwa. Hilo liandike kwa herufi kubwa, mwalimu. Nguva wetu huzaa ndama mmoja baada ya miaka kadhaa, hawezi kuhimili uvuaji wa namna hiyo.

MwlBaiolojia_Mikindani:
Ahsanteni sana. Sasa ng'ombe bahari wa Steller namwitaje "wa Amerika" ikiwa kisiwa kile ni cha Urusi?

Pingili7:
Mifupa yake ya kale imepatikana hadi Monterey, California. Wale wa kisiwani walikuwa mabaki ya jamii iliyowahi kuenea mbali.

Kuhusu vipimo: kwa skeli ya 1:10 ng'ombe bahari wa Steller atakuwa sm 75, mkubwa mno kwa manila yenye wanyama watatu. Tumia 1:20, atakuwa sm 37.5, nguva wa mita 3 atapata sm 15, manatii sm 15 hadi 17. Wote watatu wapangwe wakitazama upande mmoja, mikia sawia, ndipo tofauti inaonekana.