Dawa ya kidonda imetoka kwa mnyama gani, mgonjwa aambiwe au asiambiwe?

Mtu wa Mwembeladu: Asalaam aleikum jamani. Kuna vibandiko vya kolajeni vya vidonda sugu, kama vya miguu ya watu wa sukari, nyama mpya inapata pa kushikia, sasa kolajeni yenyewe, yaani protini ya ngozi na mifupa ya mnyama, yengine ya ng'ombe, yengine ya samaki, yengine ya nguruwe, na kwenye boksi asili yake imeandikwa kwa herufi za sisimizi tena kizungu. Mie nasema daktari aseme KABLA hajabandika, sio mpaka aulizwe. Na njia nyengine zipo, kuna peptidi, yaani protini fupi inayoungwa kiwandani, mnyama hayumo kabisa. Ipo moja RADA16, asidi amino 16 tu, yaani vipande vidogo vinavyounga protini, imetokana na kazi za mwanasayansi Shuguang Zhang kule chuo cha MIT Marekani, ukiiona kama maji lakini ikigusa damu inakuwa jeli papo hapo.

Mpemba wa Wete: Na dharura je yakhe? Mguu unataka kukatwa wewe unauliza nguruwe! Tena wapo maulamaa wanaosema kitu kikishageuka kabisa na hukumu yake inageuka. Hiyo peptidi yako nani atailipia?

Nesi wa zamu: Mie vidonda ndio kazi yangu. Mtu akisikia neno nguruwe hata cha ng'ombe atakikataa, harudi kliniki, akija tena kidole cheusi. Halafu hiyo RADA16 inasifika zaidi kwa kuzuia damu kwenye upasuaji, na kibandiko chochote ukikiweka juu ya nyama iliyokufa unapoteza pesa tu, kwanza kidonda kisafishwe, sukari ishuke. Gozi zenyewe saa nyengine tunaombana.

Mtu wa Mwembeladu: Dada nesi hapo kwenye gozi sikubishii hata kidogo. Lakini insulini si ilikuwa ikitolewa kwenye kongosho la ng'ombe na nguruwe, mpaka 1982 ikaanza kuuzwa inayotengenezwa na bakteria, na hiyo nayo ni peptidi, leo nani anaishangaa? Na dharura, ami, anaijua mwenye mguu. Muulizeni yeye, akisema bandika, bandikeni. ZFDA, wakala wa chakula na dawa wa Zanzibar, wakisajili bidhaa watake asili iandikwe kwa Kiswahili, mbele ya boksi, basi.

Mpemba wa Wete: Boksi mgonjwa halioni, anaona bandeji tu. Iandikwe kwenye kadi yake ya kliniki, hapo nipo na wewe.